Nani Hutoa Anwani? Printa ya Ofisi katika Historia ya Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Utangulizi

Karani wa ofisi ya umma huko Palma au Mocímboa da Praia anayebonyeza vitufe vya printa ili kuiunganisha na mtandao hukutana na maneno ya Kireno, endereço IP, na chini yake namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Kwa Kiswahili tunaiita anwani ya IP. Neno anwani lenyewe ni geni kuliko tunavyodhani na la zamani kuliko kompyuta: lilitujia kutoka Kiarabu, na kwa waandishi wa barua wa pwani lilikuwa yale maandishi ya nje ya barua yanayomtaja anayepelekewa. Neno moja limebeba kazi tatu kwa nyakati tofauti. Kwanza lilimtaja mtu, kisha mahali, na sasa linataja chombo.

Insha hii inafuata safari hiyo katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Ibo hadi mto Ruvuma. Swali linaloiongoza ni hili: nani alikuwa na mamlaka ya kutoa anwani, na nani aliweka kumbukumbu yake? Hoja yangu ni kwamba kwa zaidi ya karne moja anwani za pwani hii zilitolewa na watu walioishi mbali nayo. Anwani za ndani za mtandao, zile ambazo ofisi yoyote inaweza kuipa printa yake bila kuomba ruhusa, zilivunja utaratibu huo. Lakini uhuru huo una gharama yake: hakuna mtu wa nje anayetunza orodha. Katika pwani ambayo tangu 2017 imeona ofisi zikichomwa na watumishi wakikimbia, gharama hiyo si ndogo.

Anwani ya mtu

Katika karne ya 19 watawala wa pwani hii na maofisa wa Kireno waliandikiana barua kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Sehemu ya barua hizo imehifadhiwa katika Nyaraka za Historia za Msumbiji, mjini Maputo, na ni ushahidi kwamba Wareno wenyewe, ili watawale, walilazimika kutumia lugha na hati ya wenyeji. Barua za namna hiyo zilikuwa na taratibu zake. Zilianza kwa kumtaja mpelekewa kwa heshima zake, kisha jina, kisha salamu, ndipo likaja jambo lenyewe.

Tuangalie kilichokosekana: namba ya nyumba, jina la mtaa, sanduku la posta. Barua ilimwendea mtu, na aliyeibeba, awe nahodha wa jahazi au mtumwa wa nyumbani, alipaswa kumjua mtu huyo au kumjua anayemjua. Mpelekewa akihama kutoka Ibo kwenda Quissanga, anwani yake ilihama naye. Mamlaka ya kutoa anwani yalikuwa ndani ya jamii, kwa sababu jina na heshima vilitolewa na jamii. Kumbukumbu nayo ilikuwa katika vichwa vya watu.

Utaratibu huu ulikuwa na udhaifu wake. Ulitegemea watu kujuana, na kujuana kulivunjika pale siasa ilipovunjika. Tungi, kwenye ghuba ya Palma ya leo, iligombaniwa na Ureno na Sultani Barghash wa Zanzibar hadi mwaka 1887, Wareno walipoitwaa kwa nguvu za meli za kivita. Tangu hapo swali la nani ni mkuu wa Tungi, yaani ni nani anayestahili kuandikwa juu ya bahasha, lilijibiwa na wengine.

Anwani ya mahali

Mwaka 1891 Ureno ilitoa hati kwa Companhia do Niassa, kampuni iliyopewa ardhi yote kati ya Ruvuma na Lúrio. Makao yake yalikuwa Ibo, na baadaye Porto Amélia, ambayo sasa ni Pemba. Kampuni ilikusanya kodi ya kibanda na kuwatumikisha watu kwa lazima hadi utawala wake ulipokoma mwaka 1929. Pamoja na hayo, ilikuwa na posta yake. Mwaka 1898 ilianza kutumia stempu za Msumbiji zilizopigwa chapa ya neno Nyassa juu yake. Mwaka 1901 ilitoa stempu zake zenyewe, zenye sura ya mfalme wa Ureno pamoja na picha za twiga na ngamia. Zilichapwa London.

Stempu ni jambo dogo, lakini kwa mwanafunzi wa historia inaonyesha badiliko kubwa. Anwani haikuwa tena ya mtu bali ya mahali, na mahali palitambuliwa na ofisi iliyokuwa na mhuri. Kijiji kisichokuwa na ofisi ya posta hakikuwa na anwani, hata kama kila nahodha wa pwani alikifahamu.

Mfano ulio wazi zaidi ni Kionga, kipande cha ardhi kusini ya mdomo wa Ruvuma. Wajerumani walikichukua mwaka 1894. Wareno walikirudisha Aprili 1916, katikati ya vita, na mwaka huohuo wakatoa stempu za Kionga. Hazikuwa mpya: zilikuwa stempu za Lourenço Marques, mji ulio kwenye ncha nyingine ya nchi, zilizopigwa chapa ya jina la Kionga. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulithibitisha kwamba ardhi hiyo ni ya Ureno. Kwa hiyo katika miaka 25 mkazi wa Kionga ambaye hakuhama nyumbani kwake alihamishwa anwani mara mbili. Mvuvi aliyekwenda Mikindani na kurudi hakuhitaji stempu yoyote kujua alikotoka. Stempu ilikuwa kwa ajili ya dola, ili ijulikane nani anatawala.

Nyaya za mawasiliano nazo zilifuata mkondo huohuo. Waya wa telegrafu uliowekwa chini ya bahari mwaka 1879 kutoka Aden kuelekea Durban ulitua Zanzibar na Kisiwa cha Msumbiji. Kati ya vituo hivyo viwili ipo pwani yote tunayoizungumzia, na waya uliipita. Miaka 130 baadaye, mwaka 2009, kebo ya SEACOM iliyoleta intaneti ya kasi Afrika ya Mashariki ilitua Maputo, Dar es Salaam na Mombasa. Safari hii pia pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado ilipitwa.

Anwani ya chombo

Mfumo wa anwani za IP tunaoutumia hadi leo uliwekwa katika waraka wa Septemba 1981 uliohaririwa na Jon Postel huko California. Kila chombo kilichounganishwa kilipewa anwani ya biti 32, ambayo tunaiandika kama namba nne, kila moja kati ya 0 na 255. Jumla ya anwani zote zinazowezekana ni 4,294,967,296. Wakati ule, kompyuta zilipokuwa chache na kubwa kama makabati, idadi hiyo ilionekana haiwezi kwisha.

Printa haikuwamo katika hesabu hiyo. Printa ya ofisi ilikuwa chombo cha kompyuta moja, imefungwa kwa kebo nene fupi, na aliyetaka kuchapa alikwenda kwenye kompyuta hiyo. Hali ilibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni kama Hewlett-Packard zilipoanza kuuza printa zenye kadi ya mtandao ndani yake. Sasa printa ilikuwa mwanachama wa mtandao kama kompyuta yoyote, na mwanachama wa mtandao lazima awe na anwani. Baadhi ya kadi za zamani za JetDirect, zikikosa maelekezo, zilijipa zenyewe anwani 192.0.0.192. Watu wengi waliochapa ukurasa wa mipangilio wakaiona namba hiyo walidhani ni anwani halali. Maana yake ilikuwa tu kwamba printa haijapewa anwani na mtu yeyote.

Nani basi aliyeitoa? Kwa anwani za hadharani, yaani zile zinazoonekana duniani kote, jibu linafanana sana na lile la enzi za Companhia do Niassa. Msumbiji ilipata kikoa chake cha .mz mwaka 1992, na kituo cha informatika cha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane mjini Maputo kikawa msimamizi wake. Lakini anwani za IP zenyewe zilitolewa kutoka nje ya bara. Kabla ya Afrika kuwa na shirika lake, nchi zilizo kaskazini ya ikweta zilihudumiwa na RIPE NCC ya Amsterdam, na zilizo kusini yake zilihudumiwa na ARIN ya Virginia, Marekani. Mstari uliochorwa kwenye ramani uliamua nani aandike barua wapi, kama ulivyokuwa mstari wa Kionga. AFRINIC, shirika la Afrika lenye makao Mauritius, lilitambuliwa rasmi Aprili 2005. Tangu 2021 shirika hilo limeandamwa na kesi mahakamani kuhusu nani ana haki ya kushikilia mamilioni ya anwani, na mwaka 2023 mahakama ya Mauritius ililiweka chini ya msimamizi. Anwani imekuwa mali, na mali huzua ugomvi.

Anwani za ndani

Hapa ndipo historia ilipogeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi walishaona kwamba anwani bilioni 4 hazitatosha. Mojawapo ya majibu yao lilikuwa waraka wa RFC 1918, wa Februari 1996. Waraka huo ulitenga mafungu matatu ya anwani: yanayoanza na 10, yaliyo kati ya 172.16 na 172.31, na yanayoanza na 192.168. Mafungu hayo hayauzwi wala hayasajiliwi. Mtu yeyote anaweza kuyatumia ndani ya jengo lake, kwa sharti kwamba hayatatoka nje. Ruta iliyopo mlangoni hubeba anwani moja ya hadharani kwa niaba ya wote waliomo ndani.

Kwa hiyo 192.168.1.50 inaweza kuwa printa ya ofisi ya Palma, na kwa wakati huohuo printa ya shule Mtwara na ya duka Muscat, bila mgongano wowote. Ni kama majina ya nyumbani: kila nyumba ina Bibi, na hakuna anayepotea, kwa kuwa kila mmoja humwita akiwa ndani ya nyumba yake.

Ofisi ndogo ina njia tatu za kuipa printa anwani ya namna hii. Ya kwanza ni kuiacha ruta iigawie yenyewe, kwa utaratibu wa DHCP ulioanza mwaka 1993. Ni rahisi, lakini anwani inayotolewa hivyo ni ya kuazima na ina muda. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuigawia printa namba nyingine. Kompyuta zinaendelea kutuma kazi kwenye namba ya zamani, na kioo kinasema printa haipatikani ingawa imewaka na ina karatasi.

Njia ya pili ni kuiandikia printa anwani ya kudumu. Mtu huchapa kwanza ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye menyu ya printa yenyewe. Kisha huangalia kwenye ruta ni namba zipi zinazogawiwa, na kuchagua namba iliyo nje ya hizo lakini ndani ya mtandao huohuo. Ruta ikiwa 192.168.1.1 na inagawa kuanzia 100 hadi 200, basi 192.168.1.50 inafaa, mradi hakuna chombo kingine chenye namba hiyo. Huandikwa pia 255.255.255.0, inayoeleza kwamba namba tatu za mwanzo ni za mtandao na ya mwisho ni ya chombo, halafu anwani ya ruta kama lango la kutokea nje. Mwisho, kila kompyuta inaelekezwa kwenye 192.168.1.50.

Njia ya tatu ni ya kati. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na namba yake ya utambulisho, tarakimu na herufi 12, ambayo kwa kawaida haibadiliki. Ruta huambiwa: chombo chenye utambulisho huu kipewe anwani hii kila kinapowaka. Kwa ofisi yenye umeme usio na uhakika, hii ndiyo njia iliyo bora, maana mpangilio wote uko mahali pamoja. Udhaifu wake ni kwamba ruta ikiibwa au ikiungua, mpangilio umekwenda nayo.

Tukilinganisha na nyakati zilizotangulia, jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa mara ya kwanza tangu barua za karne ya 19, mamlaka ya kutoa anwani yalirudi ndani ya nyumba. Karani hamwandikii mtu Lisbon, London, Virginia wala Mauritius. Anachagua namba na kuiandika. Lakini pia kwa mara ya kwanza tangu posta ianze, hakuna ofisi ya juu yenye nakala. RFC 1918 iliipa kila ofisi uhuru na ikaiachia jukumu la kukumbuka.

Ofisi zinazohama

Katika mji wenye amani, uzembe wa kukumbuka hugharimu nusu siku. Fundi akihama, mwingine atakuja, atachapa ukurasa wa mipangilio na ataanza upya. Katika kaskazini ya Cabo Delgado mambo yamekuwa tofauti.

Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga wilaya za pwani, kikaangusha nguzo na majengo. Mashambulizi ya wapiganaji yalikuwa yameanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 mji huo ulitekwa, na ulibaki mikononi mwao hadi Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipourudisha. Mwaka 2020 pia uharibifu wa kituo cha umeme cha Awasse uliziacha wilaya kadhaa za kaskazini bila umeme. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa na mawasiliano ya simu yakakatika. Mamia ya maelfu ya watu wa mkoa huo walihama, na watumishi wa umma walikuwa miongoni mwao.

Ofisi ikihama hivyo, hubeba kinachobebeka: kompyuta ndogo, mihuri, mafaili machache, pengine printa. Mahali papya intaneti hutoka kwenye kifaa cha kampuni ya simu, na kila kifaa kina desturi yake. Ruta nyingi za simu za Huawei huanza na 192.168.8.1. Printa iliyoandikiwa 192.168.1.50 ikiwekwa hapo haitaonekana, kwa kuwa iko katika mtandao usiokuwapo tena. Imewaka, ina wino, lakini inangoja kazi kwenye mlango wa jengo lililobaki nyuma. Mtu aliyeiandikia anwani hiyo huenda yuko Pemba, Nampula au hajulikani alipo, na neno la siri la menyu anayo yeye.

Kwa nini jambo hilo lihesabiwe katika historia, wakati kuna vifo na njaa? Kwa sababu ya kile kinachotoka ndani ya printa hizo. Mtu aliyepoteza kila kitu njiani huhitaji karatasi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, uthibitisho wa makazi, orodha ya mgao wa chakula, barua ya uhamisho wa mwanafunzi. Bila karatasi hiyo hahesabiwi. Kati ya mama aliye kwenye foleni na cheti chake zipo namba nne zenye nukta. Zikikosewa, foleni inasimama, na karani analazimika kusema neno ambalo watu wa pwani hii wamelisikia kwa kila utawala: rudi kesho.

Pingamizi na jibu

Inaweza kusemwa kwamba tatizo hili linakwisha lenyewe. Printa za sasa hujitangaza mtandaoni kwa majina, na kompyuta huzipata bila mtu kuandika namba. Anwani mpya za biti 128 ni nyingi kiasi kwamba uhaba wa zamani hautakuwapo tena. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Lakini kujitangaza hufanya kazi pale vyombo vyote viko katika mtandao mmoja na ni vya umri mmoja. Ofisi za wilaya huishi na mchanganyiko: printa ya mwaka huu ya msaada, kompyuta ya miaka 10 iliyopita, ruta ya kukopa. Isitoshe, utaratibu wa kujiendesha hauondoi swali la mamlaka, unalihamisha tu. Ruta inapogawa anwani, mwenye neno la siri la ruta ndiye mtoa anwani, na mara nyingi huyo ni kampuni ya simu au fundi aliyepita mara moja.

Hitimisho

Historia ya anwani katika pwani hii inaonyesha kwamba kila utaratibu ulisimama juu ya kumbukumbu ya aina fulani. Barua ya Kiswahili ilisimama juu ya kujuana, posta juu ya mhuri na daftari la dola. Anwani ya printa inahitaji daftari la ofisi yenyewe: aina ya chombo, namba yake ya utambulisho, anwani iliyopewa, anwani ya ruta, tarehe na jina la aliyeandika. Ukurasa mmoja unatosha. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa printa, kwa kuwa printa ikibebwa nayo itabebwa, na nyingine ikae makao ya mkoa. Iandikwe kwa lugha ambayo karani anayefuata ataisoma, iwe Kireno, Kimwani au Kiswahili.

Kwetu sisi wanafunzi wa historia kuna la ziada. Tumezoea kutafuta nyaraka katika barua za masultani na ripoti za kampuni. Mtafiti wa miaka 50 ijayo atakayetaka kujua ofisi za Palma na Mocímboa da Praia zilirudije kufanya kazi baada ya 2021 atahitaji karatasi za namna nyingine pia, na ukurasa huo wa anwani utamwonyesha ni vyombo gani vilirudi, lini, na kwa mkono wa nani. Barua za karne ya 19 zilitufikia kwa sababu mtu mmoja hakuzitupa. Ukurasa wa printa, kwa kawaida, hutupwa siku ileile unapochapwa.